Matatizo ya Masomo katika Shule za Kati: Mfano wa Kilwa Kisiwani

Jina la "shule ya kati" limekwisha kuondoka katika taratibu za elimu za Tanzania. Zamani za Tanganyika, tangu mwanzo wa miaka ya 1950, lilitumika kwa shule zilizofundisha darasa la tano hata la nane. Shule hizo zilisimama baina ya shule ya chini ya madarasa manne na shule ya sekondari. Jina limeondoka, lakini jambo lenyewe lipo. Mtoto wa miaka 11 hata 15 bado hupita katika kipindi ambacho amekwisha kujua kusoma na kuandika, lakini hajapata elimu ya kumtegemeza. Siku hizi kipindi hicho kimegawanyika: mwanzo wake umo katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, na mwisho wake katika kidato cha kwanza na cha pili. Katika jamii zilizo maskini, ndipo hapo masomo ya watoto wengi yanapokatika.

Sababu za kukatika huko hutajwa mara nyingi: ufukara, umbali wa shule, uchache wa waalimu na vitabu, na lugha ya kufundishia. Kwa kuwa zote hutajwa kwa pumzi moja, ni vigumu kujua kila moja ina uzito gani. Katika sehemu nyingi za bara mtoto huanza shule kwa Kiswahili ambacho si lugha ya nyumbani kwake, na kwa hiyo taabu ya lugha na taabu ya ufukara humfikia siku moja. Kilwa Kisiwani sivyo. Huko mtoto huzaliwa katika Kiswahili, hutumwa dukani kwa Kiswahili, na shule humpokea kwa Kiswahili. Mwenye kuchunguza mambo ya elimu anaweza basi kuzitazama taabu za ufukara peke yake kwa miaka yote ya shule ya msingi, kisha akatazama linalotokea lugha inapobadilishwa. Hiyo ndiyo faida ya kuchukua kisiwa hiki kidogo kuwa mfano.

Elimu si ngeni Kisiwani

Kwanza hapana budi kuliondoa dhana moja, nalo ni lile la kusema kwamba watu wa pwani ya kusini hawapendi elimu. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka wa 1331 alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman akitawala mji uliojengwa vizuri, wenye msikiti mkuu na wenye kuheshimu watu wa elimu na dini. Habari za kale za Kilwa zasimulia kuwa sultani huyo katika ujana wake alikaa Aden miaka miwili akisoma, alipokuwa katika safari ya kwenda kuhiji. Sarafu za shaba zilizopigwa Kilwa zilikuwa na maandishi ya Kiarabu yenye vina, upande mmoja ukiitikia upande wa pili. Mji usiojua kusoma haungehangaika kuweka vina katika sarafu.

Elimu hiyo haikuzikwa na magofu. Vyuo vya Kurani viliendelea kufundisha watoto kusoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu, na pwani ya Kilwa na Lindi ilitoa washairi na waandishi. Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka wa 1905 katika milima ya Umatumbi nyuma ya Kilwa, viliandikiwa utenzi na Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, na utenzi huo ulichapishwa mwaka wa 1957 na Halmashauri ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki. Wadachi nao walipofungua shule za serikali katika miji ya pwani, Kilwa na Lindi zikiwamo, walikuwa wakitafuta makarani na maakida miongoni mwa watu waliokwisha kuzoea kalamu na karatasi.

Lakini elimu hiyo ya kale haikuhesabiwa kuwa elimu katika utaratibu uliofuata. Wakati wa Waingereza sehemu kubwa ya shule za Jimbo la Kusini ilikuwa mikononi mwa misheni, kama zile za Masasi na Ndanda, nazo zilikuwa bara. Mzazi Mwislamu wa pwani aliyetaka mtoto wake aendelee na masomo aliona mbele yake bei mbili: ada ya shule, na hofu ya kumpoteza mtoto katika dini. Wengi hawakuwa tayari kulipa bei ya pili. Kusita kwao kuliandikwa kuwa ni uvivu wa kupenda elimu, kumbe kulikuwa ni hesabu ya mzazi aliyejua anachokithamini.

Shule ya kati ilivyokuwa

Shule ya kati ya miaka ya 1950 ilikuwa na mambo matatu yaliyomwelemea mtoto wa maskini. La kwanza ni uchache wake. Mtihani wa darasa la nne uliwachuja watoto mapema, na waliobaki waliambiwa kuwa wamemaliza. Mwaka wa 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, watoto kama 490,000 walikuwa katika shule za msingi, na wengi wao hawakutazamiwa kupita darasa la nne. Katika shule za sekondari nchi nzima walikuwamo 11,832 tu, na kidato cha sita kilikuwa na wanafunzi 176. Jambo la pili ni gharama. Shule nyingi za kati zilikuwa za bweni, zenye ada, na mtoto aliyekwenda huko alikuwa ameondoka pia katika kazi za nyumbani. Jambo la tatu ni mafundisho yenyewe. Shule za kati zilitiliwa mkazo wa kilimo, na wanafunzi walilima mashamba ya shule. Wazazi wa bara walinung'unika kuwa hawakumpeleka mtoto shule ili akashike jembe. Mvuvi wa Kisiwani alikuwa na neno jingine la kuuliza: kwa nini bahari, ambayo ndiyo shamba lake, haina nafasi katika kitabu.

Juu ya hayo matatu lilikaa la nne, yaani Kiingereza. Kilianza kama somo, na kuelekea mwisho wa shule ya kati kilikuwa kikishika nafasi ya lugha ya kufundishia, ili kumwandaa mwanafunzi kwa sekondari. Hivyo mlango wa lugha uliwekwa katikati ya njia, pale ambapo mtoto alikuwa amekwisha kuchoka kwa njaa, umbali na ada.

Baada ya uhuru mambo mengi yalibadilika. Shule za msingi zilifanywa kuwa za madarasa saba, na shule ya kati ikamezwa ndani yake. Mwaka wa 1967, mwaka ule ule wa Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule ya msingi yote. Azimio la Musoma la mwaka wa 1974 liliagiza kila mtoto apate shule ya msingi, na kufikia mwaka wa 1977 watoto waliingia madarasani kwa wingi ambao haujapata kuonekana. Miaka ya shida ya uchumi iliyofuata ilirudisha michango na kuwarudisha nyuma watoto wengi. Ada ya shule za msingi iliondolewa tena tangu mwanzo wa mwaka wa 2002, na tangu mwaka wa 2016 ada ya sekondari ya serikali hata kidato cha nne nayo ikaondolewa. Kwa hiyo mtoto wa Kisiwani wa leo hapaswi kulinganishwa na wa mwaka wa 1955. Mlango umefunguliwa zaidi. Swali ni nini kinachomzuia mtoto asiupite.

Mwezi wa bahari na juma la shule

Ufukara wa Kilwa Kisiwani si ufukara wa kukosa kila kitu. Bahari ipo, na ina samaki, pweza na chaza. Ni ufukara wa kuishi kwa kipato cha siku, kisichowekeka. Kipato cha namna hiyo hufuata wakati wake, na wakati huo haupatani na wakati wa shule.

Shule hufuata juma: siku tano za masomo na mbili za mapumziko. Bahari hufuata mwezi. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mara mbili katika kila mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, huja bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana, na miamba ikabaki wazi. Hizo ndizo siku za wanawake na watoto kwenda kuchokoa pweza na kuokota chaza kwa miguu. Sasa, katika pwani hii maji ya bamvua hufikia kupwa kwake kabisa katikati ya asubuhi, yapata saa nne au saa tano. Maana yake ni kwamba siku njema za kuchuma baharini huangukia saa zile zile ambazo mwalimu yuko ubaoni. Mama anayemchukua mtoto siku hizo hakukusudia kumtoa shule. Amekusudia chakula cha jioni na pesa za daftari.

Mtoto anayekosa siku tatu katika kila bamvua hukosa siku sita kwa mwezi. Katika daftari la mahudhurio huonekana kama mtoro, lakini utoro wake una mpango. Hurudi shule maji yanapokuwa mafu, akakuta somo limepita. Katika historia au uraia hasara hiyo yaweza kufidiwa kwa kusoma. Katika hesabu haifidiki kwa urahisi, kwa sababu sehemu hujengwa juu ya kugawanya, na asilimia hujengwa juu ya sehemu. Aliyekosa siku za kugawanya hukaa miezi mingi akinakili majibu asiyoyaelewa.

Wako pia wavulana wanaofuatana na baba zao dago, yaani kambi za wavuvi zilizo mbali na nyumbani, wakakaa huko majuma. Wako wasichana wanaotolewa kwa ajili ya unyago, au wanaobaki nyumbani kulea wadogo zao mama akiwa mwambani. Kila sababu ina desturi yake na heshima yake katika jamii. Zikikusanyika pamoja, hula sehemu kubwa ya mwaka wa masomo.

Jambo la kustaajabisha ni kuwa mtoto huyo huyo si mjinga wa hesabu. Mapato ya uvuvi hugawanywa kwa mafungu: fungu la chombo, fungu la nyavu, mafungu ya mabaharia, baada ya kutoa gharama. Kijana aliyekulia pwani hufanya mgawanyo huo kwa mdomo bila kukosea, kwa sababu kosa lake huwa ugomvi. Huyajua pia majira ya kaskazi na kusi, na huweza kukadiria maji ya kesho kwa maji ya leo. Hiyo ni hesabu ya sehemu na ya mfululizo. Kinachokosekana ni daraja la kuitoa mdomoni na kuitia katika daftari, na vitabu vya shule, vinavyotungwa kwa nchi nzima, havina nafasi ya kulijenga daraja hilo kwa kila kijiji.

Kiswahili cha nyumbani na cha kitabu

Yaweza kuulizwa kama kweli taabu ya lugha haipo kabisa katika shule ya msingi ya Kisiwani. Ipo kidogo. Kiswahili cha pande za Kilwa, ambacho wataalamu hukiweka chini ya jina la Kimgao, si sawasawa na Kiswahili sanifu kilichojengwa juu ya Kiunguja tangu Halmashauri ya Lugha ilipoundwa mwaka wa 1930. Mtoto hukosolewa matamshi na maneno ya kwao, na mara nyingine huona haya. Lakini tofauti hiyo ni ya ndugu na ndugu. Mtoto huyaelewa maagizo ya mwalimu, huuliza, hujibu, na hubisha. Kubisha darasani ni alama njema, kwa maana hakuna anayebisha katika lugha asiyoijua.

Kwa hiyo, mtoto wa Kisiwani anaposhindwa katika darasa la tano au la sita, lugha haiwezi kubebeshwa lawama kubwa. Anashindwa kwa bamvua, kwa njaa ya saa sita, kwa kitabu kimoja kinachoshikwa na watoto wengi, na kwa upungufu wa waalimu. Pwani ya kusini kwa miaka mingi haikuwa mahali palipotamaniwa na waalimu. Kabla ya daraja la Rufiji kufunguliwa mwaka wa 2003, mvua kubwa ziliweza kuikata njia ya kwenda Dar es Salaam, na mwalimu aliyepangiwa kisiwani alihesabu kuwa ametupwa.

Maji ya pili

Aliyefaulu huendelea na kidato cha kwanza, na kwa mtoto wa Kisiwani hilo lina maana ya kuvuka mlango wa bahari kwenda Kilwa Masoko. Upana wake ni yapata kilomita mbili. Si safari ndefu, lakini ni nauli ya kwenda na kurudi, ni upepo wa kusi unaochafua bahari, na ni kuchelewa kusikoepukika siku mashua inapongoja abiria. Ada imeondolewa, lakini sare, madaftari, nauli na chakula cha mchana vimebaki juu ya mzazi. Wengine huwaweka watoto kwa jamaa zao Masoko. Katika vijiji vingine vya pwani na bara, ambako shule ya kata iko mbali, watoto hupangishiwa vyumba ambavyo vijana huviita "geto", na wasichana huishi humo bila mlinzi.

Baada ya kuvuka maji hayo, mtoto hukuta maji ya pili, nayo ni lugha. Katika shule ya msingi alijifunza kipenyo, nusukipenyo na mzingo wa duara. Alijifunza usanisinuru wa mimea na uvukizi wa maji, jambo ambalo mtu aliyeona chumvi ikikauka pwani halihitaji kuelezwa sana. Katika kidato cha kwanza mambo hayo hayo humjia kwa majina mapya ya Kiingereza, na yeye hudhani ni mambo mapya. Elimu aliyokuja nayo haikupotea, bali imefungiwa katika chumba ambacho hakuonyeshwa mlango wake. Mwalimu mwenye huruma hueleza kwa Kiswahili, kisha huandika ubaoni kwa Kiingereza. Mwanafunzi huelewa kwa lugha moja, hunakili kwa nyingine, na hutahiniwa kwa ile aliyonakilia.

Hapa ndipo faida ya mfano wa Kisiwani inapoonekana. Mtoto aliyekuwa akibisha darasani sasa amenyamaza. Bahari ni ile ile, njaa ni ile ile, na akili ni ile ile. Kilichoongezeka ni nauli na lugha. Nauli yaweza kueleza kwa nini hakuja shule, lakini haiwezi kueleza kwa nini, akiisha kuja, anyamaze.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta, katika taarifa yake ya mwaka wa 1982, ilishauri Kiswahili kianze kufundishia katika sekondari kuanzia mwaka wa 1985. Ushauri huo haukutekelezwa. Mwaka wa 1984 Clive Criper na William Dodd walionyesha kuwa Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kusomea masomo mengine, na hata hivyo wakashauri kiendelee kutumika. Tangu mwaka wa 2002 uchunguzi wa LOITASA, ambao Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alishiriki, uliendelea kuyalinganisha madarasa yaliyofundishwa kwa lugha hizi mbili, na waliofundishwa kwa Kiswahili walionekana kuyashika masomo vizuri zaidi. Sera ya Elimu ya mwaka wa 2014 iliifungulia njia lugha ya Kiswahili katika ngazi zote, lakini mafundisho ya sekondari yamebaki kwa Kiingereza.

Hoja ya wazazi

Si haki kuliacha jambo hili bila kuisikia hoja ya upande wa pili. Wazazi wengi wa pwani wanakitaka Kiingereza, nao wana sababu. Magofu ya Kilwa Kisiwani yamo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka wa 1981, na mgeni anayekuja kuyatazama huongozwa na anayeweza kusema naye. Mzazi huona kuwa lugha hiyo ina mshahara. Kumwambia kuwa mtoto wake atosheke na Kiswahili ni kumwambia abaki alipo, wakati watoto wa matajiri husomeshwa kwa Kiingereza tangu utotoni katika shule za kulipia.

Hoja hiyo ni ya kweli, lakini inathibitisha kinyume cha inavyokusudia. Kujifunza Kiingereza ni jambo moja, na kujifunza hesabu na sayansi kwa Kiingereza ambacho hakijajulikana ni jambo jingine. La kwanza lahitaji mwalimu hodari wa lugha, vitabu na wakati. La pili humnyima mtoto yote mawili: hapati sayansi, wala hapati Kiingereza. Tena mwenye mali huununua ujuzi wa lugha kabla ya kufika mlangoni, na maskini hufika mikono mitupu. Kwa hiyo lugha ya kufundishia huuzidisha ufukara, maana mtoto hutozwa kwa mara ya pili bei ambayo hakuwa nayo hata mara ya kwanza.

Yanayowezekana

Mabadiliko ya sera yaliyotolewa katika toleo la mwaka wa 2023 yanaielekeza shule ya msingi iwe ya miaka sita, na elimu ya lazima iwe ya miaka kumi, mpaka mwisho wa kidato cha nne. Ni nia njema, lakini ina jambo moja la kuangaliwa: mtoto atafika kwenye maji ya pili akiwa mdogo kwa mwaka mmoja, na kwa sheria hataruhusiwa kugeuka nyuma. Katika mahali kama Kisiwani ni lazima basi avushwe, wala si kuachwa aogelee.

Mambo mengine hayahitaji mali nyingi. Majira ya bamvua hujulikana mwaka mzima kabla, na hesabu zake huchapishwa kwa ajili ya vyombo vya baharini. Shule ya kisiwa ingeweza kuviweka vipindi vya hesabu katika siku za maji mafu au saa za alasiri, na kuiacha asubuhi ya bamvua kwa masomo yanayofidika. Chakula cha mchana hupunguza sababu ya kumtoa mtoto darasani. Nauli ya mashua kwa wanafunzi ni gharama inayohesabika.

Kazi ya wataalamu wa lugha ni nyingine, nayo imekwisha kuanzwa. Istilahi za Kiswahili za hesabu na sayansi zipo. Kinachotakiwa ni kuzipeleka mahali zinapohitajika: vitabu vya kidato cha kwanza na cha pili vinavyoweka istilahi za lugha mbili sambamba, na mitihani inayomruhusu mwanafunzi kulisoma swali kwa lugha zote mbili. Inafaa pia kukusanya maneno ya pwani ya Kilwa ya kuhesabu, kugawa mafungu, kupima maji na upepo, kabla wazee wanaoyajua hawajaondoka, ili mtungaji wa kitabu cha hesabu awe na mahali pa kuanzia ambapo mtoto wa mvuvi amekwisha kusimama.

Watu wa Kisiwani walikuwa wakitia vina katika sarafu zao yapata miaka mia saba iliyopita. Mtoto wao anayenyamaza leo katika kidato cha kwanza hakuurithi unyamavu huo kwao. Ameupata darasani, na darasani ndiko unakoweza kuondolewa.